Sura ya 6: Kihariri Kimeondoka, Maandishi Yamebaki

Katika kompyuta ya mtu anayefanya kazi kwa maandishi, hakuna programu inayoona mengi kama kihariri matini. Kivinjari huona unachosoma. Kihariri huona unachoandika kabla hujaamua kama utamwonyesha mtu: rasimu ya barua ya kuacha kazi, orodha ya wateja na namba zao za simu, nywila ya hifadhidata uliyoibandika kwa muda ili usiisahau, msimbo wa programu ambao mteja bado hajaulipia. Ndiyo maana sura hii nzima naitoa kwa jambo ambalo wengi hulimaliza kwa kubofya mara mbili, yaani kuondoa kihariri katika kompyuta hadi kisibaki chochote. Kule kubofya hakukufikishi huko, na watu wengi hawajawahi kuambiwa.

Mfano mkuu utakuwa Visual Studio Code. Microsoft ilikitangaza Aprili 2015 katika mkutano wake wa Build mjini San Francisco, na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2016. Katika utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2023, zaidi ya asilimia 70 ya watengenezaji programu waliojibu swali hilo walisema wanakitumia. Ni cha bure, kinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na anayejifunza kuandika programu leo huenda ndicho atakachoelekezwa kupakua siku ya kwanza. Kwa hiyo ndicho kinachopaswa kueleweka kwanza, ingawa vingine vina tabia hiyohiyo.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi. Enzi za MS-DOS, programu nyingi ziliishi ndani ya folda moja; ukiifuta folda, umemaliza. Windows ikaja na desturi nyingine. Programu zikaanza kutawanya mafaili yake katika folda za mfumo na kuandika mistari katika mafaili ya mipangilio ya Windows yenyewe, na aliyetaka kuiondoa programu alibaki kukisia ilipita wapi. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliiweka rejista kuwa hifadhi kuu ya mipangilio, ikaleta na mahali rasmi pa kuongeza na kuondoa programu. Tangu hapo programu iliyotengenezwa vizuri huja na kumbukumbu ya kila ilichokisakinisha, na siku ya kuondolewa huifuata kumbukumbu hiyo mstari kwa mstari.

Hapo ndipo penye siri yote. Kumbukumbu hiyo inataja mafaili yaliyoletwa na kampuni. Mafaili yaliyozaliwa baadaye kwa mkono wako, yaani mipangilio uliyoichagua, viendelezi ulivyopakua na rasimu ambazo hukuzihifadhi, hayamo. Fundi aliyekujengea kabati, ukimwita aje alivunje, hana ruhusa ya kutupa nguo zako. Mimi nauunga mkono uamuzi huo wa watengenezaji. Mtu anayesanidua kihariri leo na kukirudisha kesho ana haki ya kukuta kazi yake salama. Ninachokilaumu ni ukimya. Programu humwambia mtumiaji kwamba imeondolewa kikamilifu, naye huamini kwamba na maandishi yake yameondoka.

Tena mabaki hayo huwekwa mahali ambapo jicho haliyafikii. Kwenye Windows mengi hukaa ndani ya AppData, folda ambayo tangu Windows Vista hufichwa usipoagiza ionekane. Kwenye Mac hukaa ndani ya Library ya mtumiaji, ambayo Apple iliificha kuanzia toleo la Lion mwaka 2011. Kwenye Linux, na kwa sehemu kwenye Mac pia, huanza na nukta: .vscode, .vim, .emacs.d. Desturi hii ya nukta ina asili inayostahili kusimuliwa. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara za Bell kule New Jersey, aliandika mwaka 2012 kwamba ilitokana na njia ya mkato. Mfumo wa Unix ulipoanza kuweka alama ya nukta moja na ya nukta mbili ndani ya kila folda, amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, ilianza kuzionyesha alama hizo, jambo lililokera. Ili kuziondoa, mtengenezaji aliagiza ls iruke jina lolote linaloanza na nukta, badala ya kuangalia kama ni majina yale mawili tu. Kosa hilo dogo likageuka njia ya kuficha mafaili, na programu nyingi zikaikimbilia. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, folda yako ya nyumbani imejaa vitu usivyoviona kwa sababu hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize kwa nini unataka kukiondoa kihariri. Sababu huwa mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kuharibika. Kihariri kinachukua muda mrefu kufunguka, kinajifunga chenyewe, rangi zimevurugika, kiendelezi kimoja kinagombana na kingine. Mtu anakisanidua, anakisakinisha upya, na ugonjwa unarudi vilevile, kwa kuwa mipangilio iliyouleta haikuguswa. Kwa mtu huyu sishauri kufuta. Kifunge kihariri, kisha zibadilishe majina folda zake mbili nitakazozitaja hivi punde, kwa mfano .vscode iwe .vscode-zamani. Kihariri kikifunguka hakitaona historia yoyote, kitaanza kama kipya. Tatizo likiisha, umejua lilipokuwa, na kila ulichokihitaji bado kipo. Njia nyepesi zaidi ni kukiwasha kwa amri ya code --disable-extensions, inayovilaza viendelezi vyote kwa muda. Nathubutu kusema kwamba wengi wanaotafuta namna ya kufuta kabisa walihitaji hili tu.

Sababu ya pili ni kuagana. Unahamia kihariri kingine na hutaki mabaki, unarudisha laptopu ya mwajiri, au unauza ya kwako. Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, laptopu iliyotumika hupita mikono kadhaa, na anayeinunua hana sababu ya kujua wewe ulikuwa nani. Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na inaanza kihariri kikiwa bado kimesimama.

Kifungue. Pitia vichupo vyote na uhifadhi unachokitaka, kwa sababu vile visivyohifadhiwa vitatoweka pamoja na folda. Kisha angalia kama ulikuwa umewasha ulinganishaji wa mipangilio kupitia akaunti ya Microsoft au ya GitHub. Ukiuzima, kihariri hukupa kisanduku cha kuchagua kuzima kwenye vifaa vyote na kufuta data iliyoko kwenye wingu. Kama kompyuta yako nyingine bado inautumia ulinganishaji huo, kiache kisanduku hicho bila alama. Toka kwenye akaunti zote. Halafu, na hili husahauliwa mno, ingia GitHub kwa kivinjari, fungua mipangilio, tafuta orodha ya programu ulizozipa idhini, na uifute idhini ya Visual Studio Code. Tokeni, yaani ufunguo wa kuingilia akaunti, iliyobaki kwenye kompyuta ikikosa idhini upande wa pili inakuwa maandishi matupu. Fahamu tu kwamba kufuta huko kunakigusa kihariri cha aina hiyo kwenye kompyuta zako zote, hivyo utalazimika kuingia upya kwingine.

Kama ulikuwa ukiunganisha kihariri na seva kwa SSH, shughulikia na huko sasa hivi. Kihariri hiki hufanya jambo ambalo wamiliki wa seva wengi hawalijui. Mara ya kwanza unapojiunga, hupakia sehemu yake kwenye seva hiyo, ndani ya folda .vscode-server katika nyumba ya mtumiaji. Ukisanidua kwenye laptopu, folda ile inabaki kwenye seva pamoja na viendelezi vyake. Kiendelezi cha SSH kina amri ya kuiondoa seva hiyo kutoka mashine ya mbali, lakini amri hiyo unaweza kuitoa tu ukiwa bado na kihariri. Ukichelewa, utaingia mwenyewe kwa terminali na kuifuta folda. Wanaotumia Linux ndani ya Windows, yaani WSL, wana folda hiyohiyo upande wao wa Linux.

Sasa sanidua. Kwenye Windows kuna mtego mmoja. Kihariri hiki husambazwa kwa visakinishi viwili. Kimoja ni cha mtumiaji mmoja, kisichohitaji ruhusa ya msimamizi, nacho hukiweka kihariri ndani ya AppData\Local\Programs. Kingine ni cha kompyuta nzima, nacho hukiweka ndani ya Program Files. Inawezekana kabisa kuwa na vyote viwili bila kujua, ukaondoa kimoja na kesho yake ukakuta faili bado linafunguka kwa kihariri kilekile ukadhani kompyuta ina mashetani. Katika orodha ya programu, kile cha mtumiaji mmoja huandikwa neno User kwenye mabano. Tafuta vyote viwili.

Kwenye Mac, kuburuta ikoni hadi kwenye pipa la taka huondoa programu yenyewe, basi. Kama uliwahi kusakinisha amri ya code ya kutumia kwenye terminali, kiungo chake kwa kawaida kipo kwenye /usr/local/bin/code, na ni wewe utakayekiondoa. Kwenye Debian na Ubuntu wengi hujivunia amri ya apt purge kwamba inasafisha kuliko apt remove. Ni kweli, ila usafi wake unaishia kwenye mafaili ya mipangilio ya mfumo, hasa yale ya /etc. Nyumba ya mtumiaji haiingii, na haipaswi kuingia, kwa kuwa kompyuta moja ya Linux inaweza kuwa na watumiaji wengi na msimamizi hana sababu ya kufuta vitu vya kila mmoja. Angalia pia /etc/apt/sources.list.d, hazina ya Microsoft huenda bado imeandikishwa hapo.

Kisha zinakuja folda mbili zenyewe. Ya kwanza ni .vscode katika nyumba ya mtumiaji, nayo ni sawa kwenye mifumo yote mitatu. Humo ndimo vinamokaa viendelezi, na kwa aliyekuwa na hamu ya kujaribu kila kitu inaweza kuwa nzito kuliko kihariri chenyewe. Ya pili inaitwa Code, na mahali pake hutofautiana: kwenye Windows ni %APPDATA%\Code, kwenye Mac ni ~/Library/Application Support/Code, kwenye Linux ni ~/.config/Code. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%, utafika bila kuhangaika na mafaili yaliyofichwa.

Usiifute folda hii ya Code kabla hujaingia ndani ukaangalia. Nasisitiza hilo kwa kila ninayemfundisha, maana hakuna maelezo yatakayokushawishi kama kuona kwa macho yako.

Ndani yake kuna Backups. Vichupo ambavyo hukuvihifadhi, vile ulivyofunga kihariri navyo ukashangaa kuvikuta vipo kesho yake, viliandikwa humu. Kuna User, na ndani ya User kuna settings.json, ambamo watu huandika anwani za seva na wakati mwingine hata funguo za huduma wanazozilipia. Humohumo ndani ya User kuna workspaceStorage, inayokumbuka kila mradi uliowahi kufungua na njia ya folda yake; kwa kusoma njia hizo tu, mgeni anaweza kujua ulimfanyia kazi nani. Na humo pia kuna History.

Kuhusu History nataka nikae kidogo. Tangu toleo lililotolewa Machi 2022, kila unapohifadhi faili, kihariri huweka nakala yake pembeni ili uweze kurudi nyuma ukiharibu. Isipokuwa umebadilisha mipangilio, huweka hadi nakala 50 kwa kila faili, mradi faili lenyewe lisizidi kilobaiti 256. Ni huduma nzuri sana. Imeokoa kazi za watu ambao hawakuwa na Git. Lakini angalia maana yake. Umefungua faili lenye majina na namba za wagonjwa, umelirekebisha, umelihifadhi, na kazi ilipoisha umelifuta folda na yote. Nakala zake zimebaki ndani ya History, zikiwa na majina ya herufi zisizosomeka, lakini maandishi ya ndani yanafunguka kwa Notepad. Kufuta mradi hakukuzigusa. Kusanidua kihariri nako hakukuzigusa. Kwa mtu anayeshika taarifa za watu kikazi, jambo hili linavuka tabia njema na kuingia katika sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinambebesha wajibu anayezihifadhi taarifa hizo.

Ukishaangalia na kuchukua unachokihitaji, futa folda zote mbili. Tahadhari moja: ndani ya miradi yako utakutana na folda ndogo zenye jina lilelile, .vscode. Hizo ni za mradi, mara nyingi wenzako wanazitegemea, na ukizifuta na kupeleka mabadiliko kwenye hazina ya pamoja utawaharibia kazi. Inayofutwa ni ile iliyo moja kwa moja katika nyumba yako.

Vinabaki vitu vinavyokielekezea kidole kihariri ambacho hakipo tena. Vya Windows ni vyepesi: chagua upya programu ya kufungulia mafaili ya aina ulizozizoea. Git ndiyo inayowatesa watu. Kama uliwahi kuiambia itumie code kuandikia ujumbe, agizo hilo limo katika faili .gitconfig, nalo haliondoki na kihariri. Siku utakayoandika git commit, Git itaita programu isiyokuwepo na kukataa kuendelea. Andika git config --global --unset core.editor, au iambie itumie nano. Angalia na faili la .bashrc au .zshrc, kama umetaja humo kigezo cha EDITOR.

Vihariri vingine nitavipitia upesi, kwa kuwa msingi ni uleule. Notepad++ huhifadhi vichupo visivyopewa jina katika folda ya backup ndani ya %APPDATA%\Notepad++, na watu wengi wamekifanya daftari la nywila bila kufikiri. Sublime Text huyaandika maandishi ambayo hayajahifadhiwa katika faili lake la kikao. Vim huacha .viminfo, inayokumbuka ulichotafuta na sehemu ya ulichonakili, pamoja na mafaili ya .swp yanayobaki kando ya hati endapo kompyuta ilizimika ghafla. Emacs hutawanya nakala zenye alama ya ~ mwishoni mwa jina, katika folda zilezile unamofanyia kazi.

Atom kinahitaji neno la peke yake. GitHub ilikitengeneza, na kutokana nacho ikazaliwa Electron, msingi uleule unaokiendesha Visual Studio Code. Microsoft ikainunua GitHub mwaka 2018, na tarehe 15 Desemba 2022 Atom kikafungwa rasmi. Mwezi uliofuata GitHub ilieleza kwamba wavamizi walikuwa wameiba vyeti vilivyotumika kusaini programu zake, Atom ikiwemo, ikavifuta vyeti hivyo tarehe 2 Februari 2023. Kama Atom bado kimo katika kompyuta yako, hii si hiari tena: kihariri kisichopokea masahihisho ya usalama hakistahili kuachiwa mafaili yako. Kiondoe, kisha fuata folda .atom katika nyumba ya mtumiaji, na folda ya Atom ndani ya %APPDATA% au Application Support.

Neno kwa anayeuza kompyuta. Kufuta folda huondoa njia ya kuifikia, na data yenyewe huweza kubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski za SSD hujisafisha kwa kiasi kikubwa, ila usijenge usalama wako juu ya hilo. Windows ina chaguo la kuirejesha kompyuta upya, na ndani yake kuna kipengele cha kusafisha diski. Kiwashe, ingawa kitachukua saa nyingi. Mac mpya zina chaguo la kufuta maudhui na mipangilio yote. Kama diski ilisimbwa tangu mwanzo kwa BitLocker, FileVault au LUKS, umejirahisishia sana, kwa kuwa bila ufunguo mabaki hayasomeki.

Nakuomba basi, msomaji, usisubiri siku ya kuuza. Leo jioni ingia katika folda ya Code, kisha User, fungua History, usome mafaili mawili matatu utakayoyakuta humo. Ukiona jambo ambalo usingependa mtu mwingine alisome, lifute leo, na kama ni nywila, ibadilishe kabla hujalala.